Mtoto anapenda kuchezea moto? Jifunze kwa warusha roketi wa jangwani

Mtoto akililia wembe, mpe, husema wahenga. Lakini mtoto akililia baruti, mzazi afanyeje?

Miaka ya 1950 wazazi wengi nchini Marekani walikumbana na swali hilo. Vijana walikuwa wamevutiwa na habari za makombora, wakawa wanajaza kemikali kwenye mabomba ya chuma na kuyawasha. Wapo waliopoteza vidole, waliopofuka, na waliopoteza maisha.

Harry Stine, aliyefanya kazi katika kituo cha majaribio ya makombora cha White Sands, aliandika makala kuonya juu ya hatari hiyo. Akapata barua kutoka kwa Orville Carlisle, mwenye duka la viatu katika mji wa Norfolk, Nebraska. Carlisle na ndugu yake walikuwa wameunda roketi ya karatasi na mbao nyepesi, yenye injini ndogo iliyokuja ikiwa tayari. Mtoto hakuwa na haja ya kuchanganya chochote. Mwaka 1957 kikaanzishwa chama cha kitaifa cha roketi, NAR, chenye kanuni za usalama zinazofuatwa hadi leo.

Siku ya kurusha

Matunda ya kazi hiyo yanaonekana katika jangwa la Black Rock, jimbo la Nevada. Ni kitanda cha ziwa lililokauka zamani: tambarare, bila mti wala nyumba. Familia hufika na magari, mahema, maji ya kunywa na kofia. Wengine huleta roketi ndefu kuliko baba mwenyewe.

Hakuna anayefika na kuwasha tu. Idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga huombwa mapema, ili ndege zisipite hapo. Kila roketi hukaguliwa na ofisa usalama: je, mapezi yameshika? Parashuti imekunjwa vizuri? Kiwashio huwekwa roketi ikiwa tayari imesimama kwenye jukwaa lake, si kabla.

Kisha watu hurudi nyuma. Kwa injini ya daraja la H, ambalo roketi kubwa huanzia, umbali ni mita 30 hivi. Kwa daraja la O ni mita 450. Huko mtoto huona moto kwanza, mlio humfikia zaidi ya sekunde moja baadaye. Hapo ndipo anaelewa, bila kuhubiriwa, kwamba mwanga huenda haraka kuliko sauti.

Roketi ikigoma kuwaka, hakuna anayeikimbilia. Umeme hukatwa, wanasubiri dakika nzima, ndipo mtu mmoja huisogelea.

Ikianguka

Si kila roketi hurudi salama. Parashuti ikikataa kufunguka, mtangazaji hupaza sauti, na watu wote husimama na kuinyooshea kidole mpaka itue, ili asiwepo asiyejua iko wapi. Nyingine hujichimbia ardhini, mwenyewe akaifuata na sepetu.

Kwa mtoto aliyeipaka rangi kwa wiki kadhaa, hayo ni machozi. Lakini jirani yake, mtu mzima, naye anachimbua yake. Hakuna anayemcheka mwenzake. Wanatafuta kosa: je, ni fundo lililolegea, au betri iliyochomoka?

Hata cheti hutolewa hivyo. Kuna ngazi tatu, na anayefanyia jaribio hapati cheti kwa kuirusha roketi juu tu, lazima irudi ikiwa nzima. Cheti kamili hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18. Walio chini ya hapo hurusha roketi ndogo, au husimamiwa na mtu mzima mwenye cheti.

Ni katika jangwa hilo, Mei 2004, kikundi cha raia wa kawaida kilirusha roketi iliyovuka kilomita 100, mpaka wa anga za juu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wasio wa serikali wala jeshi wanaofanya hivyo kama burudani.

Nyumbani

Mzazi hahitaji jangwa wala baruti. Chupa ya plastiki ya soda isiyo na ufa, maji theluthi moja, kizibo kinachobana chenye sindano ya kujazia mpira, na pampu ya baiskeli vinatosha kurusha roketi uwanjani.

Kinachohitajika ni kanuni zilezile. Mzazi ndiye apampu, watoto wakae mita kumi nyuma, wote wahesabu kwa sauti kutoka tano hadi moja. Ikigoma, mtu asiiinamie; hewa itolewe kwanza.

Mpe mtoto kazi ya kuwa ofisa usalama. Akikuamuru wewe mzazi urudi nyuma, rudi. Siku akiona wenzake mtaani wamelizunguka fataki lililogoma kuwaka, huenda akawa yeye wa kwanza kuwaambia wasubiri.