Mbio za Silaha za Mataifa: Funzo la Ghuba ya Karungu

Makala hii inanuia kulinganisha hatua zilizopigwa na mataifa hasimu katika kuunda makombora ya hipasoniki, yaani yale yanayokwenda kwa kasi inayozidi mara tano ya kasi ya sauti. Kwa kasi hiyo, umbali wa takriban kilomita 60 baina ya miji ya Migori na Homa Bay, ukipimwa kwa mstari ulionyooka, hukatwa kwa muda usiotimia dakika moja. Aghalabu swali linaloulizwa ni: nani ametangulia? Swali hilo pekee halitoshi, na ushahidi umo katika ufuo wa Migori.

Ziwani, mwaka 1914

Mnamo Septemba 1914, majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka na kuuteka mji wa Kisii. Waingereza waliituma meli ya Winifred ipeleke askari katika ghuba ya Karungu, iliyomo katika kaunti ya Migori ya leo. Huko ilikabiliwa na Muansa, stima ndogo ya Wajerumani ya kuvuta matishali, iliyokuwa imefungwa silaha. Winifred ilizidiwa nguvu, ikarudi nyuma. Lau mashindano yangepimwa siku hiyo, Ujerumani ingetajwa kuwa mshindi. Hata hivyo, Winifred ilirejea ikiandamana na Kavirondo, na safari hii Muansa ndiyo iliyokimbia.

Ukuu wa Muansa haukudumu kwa sababu mashindano yenyewe yaliamuliwa nchi kavu. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Winifred iliundwa Uingereza, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu. Reli ya Wajerumani, kwa upande mwingine, ilitoka Dar es Salaam ikapitia Tabora hadi Kigoma. Mwanza haikufikiwa na reli hadi mwaka 1928. Julai 1916, Waingereza waliiteka Mwanza.

Makombora ya leo

Tuyatazame sasa makombora kwa jicho hilo. China ilionyesha kombora la DF-17 katika gwaride la Beijing mnamo Oktoba 2019. Urusi ilitangaza Desemba mwaka huo kwamba Avangard imeanza kutumika jeshini. Marekani ilikuwa ingali inalijaribu Dark Eagle mwaka 2024. Kwa kipimo cha tarehe, Marekani imeachwa nyuma.

Lakini yafaa tuulize pia ni kitu gani kinacholinganishwa. Kasi peke yake si sifa bainifu, kwani makombora ya balistiki ya masafa marefu huipita kasi hiyo tangu zamani. Upya wa DF-17 na Avangard ni uwezo wa kupinda njia angani, jambo linalomtatiza anayejilinda. Kinzhal la Urusi huitwa la hipasoniki, ilhali wataalamu wengi huliona kuwa kombora la balistiki linalorushwa kutoka kwenye ndege. Urusi ilisema imelitumia Ukraine mwezi Machi 2022. Mei 2023, Ukraine ilitangaza kulitungua kwa mtambo wa Patriot wa Marekani. Kama Karungu, aliyetangulia alipata wa kumjibu.

Hitimisho

Ni dhahiri basi kwamba mlinganisho wa haki hauna budi kuzingatia mambo matatu: silaha yenyewe ni ya aina gani, nyuma yake kuna viwanda na njia gani, na mzigo wake unabebwa na nani. Hili la tatu limehifadhiwa na Kiswahili. Jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa vita vile, Carrier Corps, lilitoholewa likawa Kariakoo mjini Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi. Maelfu ya wapagazi hao walikufa, wengi kwa maradhi, katika mashindano ambayo hawakuyaanzisha wala kunufaika nayo. Mshairi au mwanahabari wa Kiswahili anayesimulia mbio za makombora asiishie kwenye kasi. Amkumbuke pia mpagazi.