Nani Aliyeua?

Wapo wanaodai kwamba riwaya za upelelezi ni za kupotezea wakati tu. Mimi simo. Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960, nimeisoma mara tatu. Maiti imeonekana penye mzimu, lakini Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anamtafuta binadamu. Anauliza, anasikiliza, anapima. Ukifika mwisho, mkosaji amejulikana, nawe unalala usingizi wako.

Rosa Mistika, ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, huninyima usingizi huo. Nayo ina maiti: Rosa, binti wa Ukerewe, anajiua. Hapo mpelelezi hana kazi. Hata hivyo, nani aliyeua? Nilipoisoma nikiwa kijana, nilisema Rosa kajitakia. Nilipoirudia nikiwa baba, macho yangu yalimwelekea Zakaria, mzazi aliyedhani kwamba ukali ndio malezi. Kisha nikamkumbuka mchumba aliyemwacha. Niliweka kitabu chini, nikamwita binti yangu tuzungumze. Alikuja kwa woga, maana alizoea kuitwa ili akaripiwe.

Tofauti ninayoiona ndiyo hiyo. Bwana Msa hulifunga jalada mbele ya macho yetu. Kezilahabi hutukabidhi jalada likiwa wazi, na huenda miongoni mwa majina ya washukiwa limo na letu. Zisomeni zote mbili, kila moja kwa wakati wake.