Kuvunjika kwa Koleo: Ukarabati na Matunzo ya Magari ya Kale ya Kasi ya Kijerumani

Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Gari, sawa na chombo kingine chochote kilichoundwa na binadamu, huchakaa. Aghalabu mwenye gari lililochakaa huliuza kwa bei ya kutupa, hulipeleka kwenye rundo la vyuma vikuukuu au huliacha uani likaliwa na kutu. Hata hivyo, wapo watu ambao huona katika chakavu hilo kazi ya sanaa inayostahili kuokolewa. Miongoni mwao ni wapenzi wa magari ya kasi yaliyoundwa Ujerumani baina ya miaka ya 1960 na ya 1990, kama vile Porsche 911, BMW M3, Mercedes-Benz 190 E yenye vali 16 na Audi Quattro. Makala haya yananuia kueleza wapenzi hawa hufanya nini hasa, kwa nini hukifanya, na ni mgogoro upi unaojitokeza kila wanapoinua boneti.

Asili ya magari yenyewe

Ni muhali kuelewa mapenzi haya bila kufahamu chimbuko la magari yanayohusika. Mengi hayakuundwa kwa ajili ya kwenda sokoni au kanisani. Yalizaliwa kutokana na kanuni za mashindano. Katika miaka ya 1980, kampuni iliyotaka kushindana katika Kundi A ilipaswa kwanza kuunda magari 5,000 ya aina hiyo kwa muda wa miezi 12 na kuyauzia umma. Hivyo ndivyo BMW M3 ya kwanza, iliyoanza kuundwa mwaka wa 1986, ilivyopatikana. Injini yake ya silinda nne, iliyobuniwa chini ya uongozi wa mhandisi Paul Rosche, ilikuwa na ujazo wa lita 2.3 na nguvu-farasi zipatazo 200. Mnamo 1987, gari hilo lilimpa Roberto Ravaglia ubingwa wa dunia wa mbio za magari ya kawaida.

Porsche nayo ilifuata mkondo uo huo. Carrera RS 2.7 ilihitaji kuundwa mara 500 tu ili ikubaliwe mashindanoni, lakini wanunuzi waliipapia kiasi kwamba magari 1,580 yaliundwa kati ya 1972 na 1973. Kutokana na historia hii, anayemiliki mojawapo ya magari hayo anamiliki chombo cha mbio kilichovishwa nambari za usajili za barabarani. Hapo ndipo thamani yake ilipo, na ndipo pia adha za kulitunza zinapoanzia.

Adui wa kwanza: kutu

Kazi ya ukarabati huanzia kwenye bodi wala si kwenye injini. Injini iliyokufa yaweza kufufuliwa kwa vipuri vipya, ilhali bodi iliyooza haina tofauti na nyumba iliyoliwa na mchwa kwenye nguzo. Ilhali mabati ya Porsche 911 yote yalichovywa katika zinki kuanzia magari ya mwaka wa 1976, yale yaliyotangulia hayakuwa na kinga kamili ya namna hiyo. Chumvi inayomwagwa katika barabara za Ulaya wakati wa theluji ilijipenyeza chini ya sakafu, kwenye kingo za milango, chini ya betri na katika viungo vinavyoshikilia springi za nyuma. Rangi inaweza kung'aa kwa nje huku bati likiwa limebaki kama karatasi kwa ndani.

Fundi mwangalifu hukwangua rangi yote hadi kufikia chuma. Baada ya hapo hukata kila sehemu iliyooza na kuchomelea bati jipya, huku akipimapima ili bodi isipinde. Kwa BMW M3 ya kwanza, kazi hii ni ghali mno. Ingawa gari hilo linafanana na ndugu zake wa kawaida, mabati ya kandokando yaliyotunishwa ili kufunika magurudumu mapana ni yake peke yake. Hayawezi kunyofolewa kutoka kwa BMW yoyote iliyotupwa.

Injini na hekima ya matunzo

Kila injini ina tabia yake, na anayeipenda hana budi kuisoma kama anavyosoma mwenzake wa nyumbani. Porsche 911, tangu ilipozinduliwa mwaka wa 1963 hadi 1998, ilitumia injini ya silinda sita zilizolala, tatu kila upande, nyuma ya magurudumu ya nyuma. Haikuwa na radieta ya maji. Ilipozwa kwa feni kubwa na kwa mafuta ya injini, ambayo hayakuhifadhiwa chini ya injini bali katika tangi la pembeni. Kwa sababu hiyo, kiwango cha mafuta sharti kipimwe injini ikiwa moto na inanguruma, gari likiwa mahali tambarare. Asiyejua kanuni hii hupima injini ikiwa baridi, huona mafuta yamepungua, na huongeza hadi yakafurika.

Mfano mwingine ni injini za lita 2.7 za miaka ya 1974 hadi 1977. Kasha la injini hizo liliundwa kwa magnesiamu ili kupunguza uzani, lakini madini hayo ni laini. Baada ya kupata moto na kupoa mara nyingi, boliti ndefu za chuma zinazobana vichwa vya silinda zilianza kung'oka pamoja na nyuzi zake. Tiba yake ni kulifungua kasha lote, kuyatoboa matundu upya na kupachika nyuzi za chuma kigumu. Kuanzia magari ya 1978, Porsche ilitumia kasha la alumini, na ugonjwa huo ukapungua sana. Mmiliki anayefahamu historia hii hujua la kuuliza kabla ya kununua, na asiyeijua hulipia ujinga wake baadaye.

Fauka ya hayo, gari la kale huumia zaidi likiegeshwa kuliko likiendeshwa. Mipira hukauka, breki hukwama, petroli huchacha, na petroli iliyochanganywa na ethanoli huweza kuharibu mabomba ya mpira ya zamani. Wanaofanya uangalizi mdogo wa mara kwa mara huepukana na gharama kubwa, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuhifadhi au kubadilisha?

Hapa ndipo wapenzi wa magari haya wanapogawanyika. Kundi la kwanza hushikilia kwamba gari lirejeshwe jinsi lilivyotoka kiwandani: rangi ileile, kitambaa kilekile cha viti, hata nambari ya injini ilingane na ile iliyoandikwa katika rekodi za kiwanda. Kundi la pili huuliza: je, kwa nini dereva aridhike na breki hafifu za zamani ilhali zilizo bora zipo? Hawa hubadilisha springi, breki, taa na hata injini nzima.

Si haki kuwashutumu wabadilishaji kwamba wamekiuka mila, kwa sababu kubadilisha nako ni mila ya Kijerumani. Alpina ilianza kuboresha magari ya BMW katika miaka ya 1960. AMG, iliyoasisiwa na Hans Werner Aufrecht na Erhard Melcher mwaka wa 1967, ilianza kama karakana ndogo ya kuongeza nguvu za injini za Mercedes-Benz. Kampuni ya RUF ya Pfaffenhausen iliunda mnamo 1987 gari la manjano lililotokana na Porsche 911 na lililokimbia zaidi ya kilomita 330 kwa saa. Leo hii magari yaliyobadilishwa na mafundi hao yanahifadhiwa kwa heshima ileile inayopewa yale ambayo hayakuguswa.

Sheria ya Ujerumani imejaribu kusuluhisha mgogoro huu. Tangu 1997, gari lililotimiza miaka 30 laweza kupewa nambari ya usajili yenye herufi H, inayolitambua kuwa urithi wa kihistoria. Mwenye gari hulipa kodi maalumu ya takriban yuro 190 kwa mwaka, na gari huruhusiwa kuingia katika maeneo ya miji yaliyofungiwa magari yenye moshi mwingi. Sharti ni kwamba mkaguzi athibitishe kuwa gari liko katika hali njema na limebaki na uasilia wake kwa kiasi kikubwa. Mabadiliko yanayolingana na zama za gari lenyewe yanaweza kukubaliwa. Kwa ufupi, sheria haimkatazi mtu kubadilisha. Humtaka athibitishe kwamba mabadiliko yake yana mizizi katika wakati wa gari.

Mtihani wa Safari

Mjadala huu haujaachwa Ulaya pekee. Nchini Kenya, barabara za mashindano ya Safari Rally ziliwalazimisha wahandisi wa Porsche kuliinua gari lao, kulikaza bodi na kulifunga kinga ya chuma chini ya tumbo. Hata hivyo, ushindi uliwaponyoka. Mwaka wa 1974, Msweden Björn Waldegård alimaliza wa pili akiendesha Porsche 911, nyuma ya Joginder Singh wa Kenya. Mwaka wa 1978, Vic Preston Mdogo, Mkenya mwingine, alishika pia nafasi ya pili katika 911. Kampuni iliyotamba Ulaya haikuwahi kushinda Safari hiyo.

Mashindano ya magari ya kale ya East African Safari Classic yalipoanzishwa mwaka wa 2003, magari hayo yalipata fursa ya pili. Yalitolewa maghalani, yakakarabatiwa na kuimarishwa kwa ajili ya vumbi na mashimo. Mnamo 2011, Waldegård, akiwa na umri wa miaka 68 na mwanawe Mathias akimsomea njia, aliibuka mshindi. Gari lake lilikuwa Porsche 911. Ushindi aliokosa ujanani akiwa na gari la aina hiyo aliupata uzeeni, miaka 37 baadaye. Alifariki mwaka wa 2014.

Tukio hili linaangaza mgogoro uliotajwa. Magari hayo yalibadilishwa: springi zilikazwa, bodi ziliongezewa nguvu na vipuri vingi vilikuwa vipya. Lau yangehifadhiwa bila kuguswa, yasingevuka hata mto mmoja. Kwa upande mwingine, lau kila 911 ingekatwakatwa kwa ajili ya vumbi, kizazi kijacho kisingepata mfano hata mmoja wa kuonyesha jinsi kiwanda kilivyoliunda.

Hitimisho

Imebainika kwamba ukarabati, ubadilishaji na matunzo si mambo yanayopingana, bali ni njia tatu za kukizuia chombo kisife. Linaloweza kuziharibu zote ni udanganyifu. Kwa kuwa Carrera RS halisi ina thamani kubwa, wapo waliovisha 911 za kawaida mavazi yake na kuziuza kana kwamba ni zenyewe. Kwa hivyo, fundi mwaminifu huandika na kupiga picha kila alichokibadilisha, na huhifadhi kipuri cha awali alichokiondoa ili atakayemfuata aweze kukirudisha.

Suala la vipuri limeanza kupata ufumbuzi. Viwanda vya Ujerumani vina idara maalumu za magari ya kale, na mwaka wa 2018 Porsche ilitangaza kwamba imeanza kuchapisha baadhi ya vipuri adimu kwa mitambo ya kompyuta. Ujuzi, hata hivyo, hauchapishwi. Sikio linalotambua vali iliyolegea na mkono unaojua bati litapindia wapi huridhishwa kwa kukaa karakanani pamoja na mzee anayejua. Koleo lililovunjika laweza kufuliwa jipya. Mhunzi akiondoka bila mwanafunzi, hapo ndipo uhunzi hukoma.