Somo la Leo: Kuzuru Kaburi la Mwandishi

Ndugu wanafunzi wa Ngara na Biharamulo, fungueni madaftari. Neno letu la leo ni KUZURU. Kuzuru ni kwenda kutazama mahali au mtu kwa heshima.

Karibu na mji wa Tanga, jirani na kijiji cha Machui, pana mahali paitwapo Vibambani. Hapo alizaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Alizikwa Machui mwaka 1962. Alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi, huku akiandika mashairi na hadithi. Kitabu chake kiitwacho Kusadikika kilitoka mwaka 1951.

Watu huzuru kaburi lake kwa sababu gani? Huenda kumkumbuka mtu aliyewaachia maneno mazuri. Nawe ukienda, wapigie hodi wenyeji kwanza. Usikanyage kaburi, wala usichukue jiwe.

Lakini Tanga iko pwani, na nauli ni kubwa. Asiye na nauli afanyeje? Asome kitabu. Kaburini yamo mifupa. Kitabuni yamo mawazo yake.

Sasa fikirini. Migombani kwenu wamelala wazee waliojua hadithi nyingi. Hadithi ngapi zimezikwa pamoja nao, kwa kuwa hakuna aliyeziandika?

Zoezi:
1. Shaaban Robert alizikwa wapi?
2. Mwulizeni mzee mmoja aliye hai hadithi moja. Iandikeni, mweke na jina lake.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.