Masomo ya jamii si kimbilio la walioshindwa

Ijumaa ya leo tunapenda kuzungumza na wazazi wenye vijana wa sekondari, na hasa wazazi wenzetu wa mkoa wa Singida.

Kuna kauli iliyozoeleka majumbani mwetu. Kijana akisema anataka kusoma Historia na Jiografia, huulizwa kwa masikitiko: "Kwani sayansi imekushinda?" Kauli hii huvunja moyo. Isitoshe, humfanya kijana aingie darasani akiamini kuwa amepewa makombo. Je, ni kweli masomo haya ni makombo? La hasha!

Tuanze na Historia. Karne nyingi kabla ya shule hizi, wanazuoni wa hadithi waliweka utaratibu wa kuipima habari: nani kaisimulia, kaipokea kwa nani, ni mkweli kiasi gani, na je, maneno yenyewe yanakubalika? Naye Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliwaonya waandishi wa historia wasipokee kila wanachosikia bila kukipima kwa akili na kwa hali ya jamii. Hiyo ndiyo kazi ya somo la Historia hadi leo. Kijana aliyeisoma vyema hapokei uvumi wa kwenye simu na kuusambaza kabla ya kuuliza umetoka wapi. Na sisi sote tunajua uvumi unavyoweza kuugombanisha mtaa mzima.

Singida yenyewe ni kitabu kilicho wazi. Wazee wa Kinyaturu husimulia habari za Liti Kidanka, mwanamke aliyewapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na kwamba nyuki walikuwa silaha yake. Jina lake limepewa uwanja wa michezo mjini Singida. Vijana wangapi hushangilia uwanjani humo bila kujua Liti ni nani? Mwalimu mzuri atawatuma wanafunzi kwa bibi na babu zao kuandika masimulizi hayo, kisha atawauliza: Mjerumani angelisimuliaje tukio hilo hilo, na kwa nini?

Au tuchukue Sekenke, wilayani Iramba. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walifunga njia za baharini na Wajerumani wakakosa fedha kutoka kwao. Mwaka 1916 walitengeneza sarafu za dhahabu mjini Tabora, na dhahabu hiyo ilitoka Sekenke. Mtoto wa Iramba akilielewa hilo, hataiona tena vita hiyo kuwa habari ya watu wa mbali.

Jiografia nayo iko mlangoni. Kwa nini maji ya ziwa Singidani na ziwa Kindai yana chumvi? Kwa sababu maziwa hayo hayana mto wa kuyatoa maji; jua huyakausha na chumvi hubaki. Kwa nini alizeti imeshamiri mkoani? Kwa sababu mvua ni za msimu mmoja na si nyingi, na alizeti hustahimili ukame. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao 1,370,000 mkoani. Ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya 2,000,000. Ardhi, visima na madarasa ni vile vile au vimeongezeka? Anayejua kuuliza swali hilo kwa takwimu ndiye tutakayemhitaji kwenye mkutano wa kijiji.

Qur'an tukufu, katika Surat Al-Hujurat aya ya 13, inatufundisha kuwa tumejaaliwa kuwa mataifa na makabila ili tufahamiane. Katika mkoa wenye Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu, Wagogo, Wataturu na Wahadzabe, kufahamiana huko hakuji kwenyewe. Hutafutwa na husomwa.

Serikali nayo imefungua milango. Mtaala ulioboreshwa mwaka 2023 umeweka somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Mwaka 2024 zilitangazwa tahasusi mpya 49 za kidato cha tano na kufanya jumla kuwa 65, zikiwamo zinazounganisha Historia na Jiografia pamoja na Maarifa ya Uislamu. Hivyo kijana anayependa dini na jamii hana tena sababu ya kuacha kimoja ili apate kingine.

Hatusemi sayansi iachwe. Madaktari na wahandisi tunawahitaji. Tunachosema ni kwamba kipaji ni amana, na mzazi hapewi amana ili aibadilishe kwa matakwa yake. Basi kabla fomu ya uchaguzi wa tahasusi haijajazwa, keti na mwanao. Muulize anapenda nini na anaweza nini. Kisha mpeleke kwa babu yake akasikilize na kuandika, maana mzee akifariki, huzikwa na yote ambayo hakuulizwa.