Butoni za tablo na nyuzi za umeme katika Land Rover ya zamani



Wengi wetu tumekwisha kupanda kamionete ya Land Rover, ile ya zamani. Aina iitwayo Series IIA ilitengenezwa Solihull, Uingereza, toka 1961 mpaka 1971. Shasi yake ni chuma, mwili wake ni aluminiumu, ni motokari ya nguvu kweli. Lakini nyuzi zake za umeme zinazeeka mbele ya chuma: ngozi yao inakauka, inapasuka, shaba inabaki uchi.

Basi watu wanafanya nini? Butoni ya taa ikikufa, wanafunga nyuzi mbili pamoja kwa mkono. Fizibli ikiungua, wanaweka karatasi ya fedha ya paketi ya sigara. Motokari inatembea, ndiyo. Lakini siku moja usiku, watu kumi wakiwa nyuma juu ya magunia, taa zinazimika katikati ya mtelemko, ao moshi unatoka chini ya tablo. Kwa hiyo tunaeleza hapa namna ya kutoa butoni na kutandika nyuzi mpya. Mambo haya si uchawi, ni yale yale ya somo la fizika.

1. Batri kwanza

Hapana kugusa tablo mbele ya kutoa kabo ya batri. Tena kuna kabo ya kutangulia: ile inayofungwa na mwili wa motokari, ambayo mafundi wanaiita masi. Sababu ni hii: ukianza na kabo nyingine na ufunguo wako ukagusa mwili wa motokari, umeme wote wa batri unapita katika ufunguo. Unaweza kuungua mkono.

Muangalie vizuri: katika Land Rover nyingi za mbele ya 1967 masi ni upande wa (+), katika zile za nyuma ni upande wa (−). Kama motokari iko na alternateri, mtu akigeuza batri anaunguza diode zake mara moja.

2. Kutoa butoni

Sahani ya katikati ya tablo, yenye saa ya mwendo, imeshikwa na visi nne. Fungua zile nne, fungua na kabo ya saa ya mwendo kwa nyuma, halafu vuta sahani polepole. Usivute kwa nguvu, nyuzi ni fupi.

Sasa chukua karatasi na kalamu. Mbele ya kutoa uzi hata mmoja, andika: uzi wa rangi gani unaingia katika mguu gani wa butoni. Funga kipande cha karatasi chenye namba kwa kila uzi. Fundi anayesema «nitakumbuka» atakaa chini ya tablo siku tatu.

Butoni yenyewe imeshikwa na pete ya kukaza upande wa mbele. Ukiisha kufungua pete, butoni inatoka kwa nyuma. Ipime na batri ndogo na ampuli: ukifungua, ampuli iwake, ukifunga, izimike. Kama inawaka mara moja moja tu, vidole vya shaba ndani vimeungua. Tafuta nyingine.

3. Rangi zinasema

Waingereza walipatana juu ya rangi za nyuzi, na Land Rover inazifuata:
— kahawia: umeme unaotoka batri, uko hai saa zote;
— nyeupe: unapita wakati ufunguo umefunguliwa;
— kijani: kama nyeupe, lakini umekwisha kupita katika fizibli;
— zambarau: uko hai saa zote, na umepita katika fizibli;
— nyekundu: taa ndogo;
— buluu: taa kubwa;
— nyeusi: masi.

Ukiona mstari mwembamba juu ya rangi, uzi ule ni tawi: buluu yenye mstari mweupe ni taa za mbali, buluu yenye mstari mwekundu ni taa za chini. Ukitandika nyuzi mpya, shika rangi zile zile. Anayetandika nyuzi nyekundu tupu anamwachia fundi wa kesho giza.

4. Unene wa uzi

Hapa njo pahali pa hatari. Tuseme taa mbili kubwa, kila moja 60 W. Jumla ni 120 W. Kwa 12 V, 120 : 12 = 10 A.

Uzi wa shaba wa metre 6, mwembamba wa mm² 0,75, uko na rezistansi ya ohm 0,14 hivi. Kwa 10 A, uzi unakula 1,4 V, na unageuza 14 W kuwa joto. Taa zinakuwa hafifu, na uzi unapata moto. Uzi wa mm² 2,5 una ohm 0,042 tu: unakula 0,42 V, na joto halifiki 5 W. Uzi mwembamba wa redio haufai kabisa kwa taa kubwa.

5. Fizibli na relei

Motokari hii ilitoka kiwandani na fizibli mbili tu, na taa kubwa hazikupita katika hata moja. Uzi wa taa ukigusa mwili wa motokari, hakuna kitu cha kukata umeme. Kwa hiyo tia fizibli ya 10 A kwa taa ya kushoto na nyingine ya 10 A kwa taa ya kuume. Moja ikiungua, nyingine inakufikisha nyumbani.

Tia tena relei. Mguu 30 unatoka batri, 87 unakwenda kwa fizibli na taa, 86 unatoka butoni, 85 unakwenda masi. Butoni inapitisha umeme kidogo tu, relei inabeba ule mzito. Butoni ya zamani itaishi miaka mingi.

6. Masi, na kujaribu

Aluminiumu ikigusana na chuma pahali penye maji, inaoza, na umeme haupiti vizuri. Taa nyingi zinazosemwa «zimekufa» hazina masi tu. Kwangua rangi mpaka metali ing'ae, kaza vizuri, paka mafuta mazito. Ni vizuri zaidi kutandika uzi mweusi toka kila taa mpaka shasi.

Mwisho, mbele ya kutia fizibli, weka ampuli ya 21 W pahali pake, na butoni ya taa ikiwa imefungwa. Ikiwaka sana, kuna uzi unaogusa mwili wa motokari: tafuta kwanza. Ikibaki giza, tia fizibli, na ujaribu kitu kimoja kimoja.

Zoezi: ampuli mbili za breki, kila moja 21 W, kwa 12 V, zinakula ampere ngapi?