Tope linalofukia mazalia ya samaki Ziwa Tanganyika

Kuhe anayekaangwa Ujiji na Kibirizi, mkoani Kigoma, ndiye mkubwa kuliko samaki wote wa jamii ya sikilidi duniani, na ziwa lake ni Tanganyika tu. Hutaga mayai kwa maelfu sakafuni mwa ziwa, kisha dume na jike hukaa hapo kuyalinda. Samaki mwingine akija kuyala atafukuzwa. Tope likishuka kutoka kijitoni, halifukuzwi.

Ukubwa wa ziwa hili hudanganya. Lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Lakini oksijeni huishia kwenye mita 100 hivi upande wa kaskazini na mita 200 hivi kusini. Chini ya hapo samaki hawezi kuishi. Kwa kuwa kingo za bonde la ufa hutumbukia ghafla, sakafu yenye uhai ni ukanda mwembamba tu kandokando ya ziwa. Humo ndimo wanamoishi wengi wa sikilidi wa aina zaidi ya 200, ambao karibu wote hawapatikani kwingine. Na ni humo humo kila kijito kinamomwaga mzigo wake.

Samaki wengi wa miambani hula mwani laini unaoota juu ya mawe. Tope likitanda, mwani hukosa mwanga, na samaki anayekwangua jiwe humeza mchanga pamoja na chakula. Mianya ambamo vitoto hujificha huzibwa. Sehemu nyingine za sakafu, kama nje ya mlango wa mto Luiche kusini mwa Ujiji, zimetandazwa makombe matupu ya konokono yaliyorundikana kwa miaka mingi mno, na wapo samaki wadogo wanaotaga ndani ya makombe ya namna hiyo. Yakifukiwa, hawana pa kwenda. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1993, watafiti wakiongozwa na Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona walilinganisha sehemu mbalimbali za ziwa: palipoingia tope jingi, aina za samaki na za viumbe wadogo wa sakafuni zilikuwa chache zaidi.

Tope hilo linatoka mlimani. Ufuko wetu uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na ndani ya kilomita chache safu za Gombe hupanda kupita mita 1,500. Mteremko wa aina hiyo ukishavuliwa miti kwa ajili ya mkaa, kuni za kuchemshia mawese, tanuri za matofali na mashamba ya mihogo, mvua ya kwanza ya Novemba huondoka na udongo.

Mazalia ya samaki yameharibiwa kwingine pia. Finland na Sweden ziliharibu mito yao kwa njia nyingine. Huko magogo yalieleshwa mtoni kutoka msituni hadi viwandani, na ili yasikwame, mawe makubwa yaliondolewa, mengine yakalipuliwa kwa baruti, vijito vikanyooshwa kama mifereji. Salmoni wakakosa kokoto za kutagia. Malori yalipochukua kazi hiyo, ukarabati ulianza: mashine ziliyatoa mawe kingoni yalikorundikwa, zikayarudisha mtoni, na kokoto zikamwagwa upya. Finland hiyohiyo iligharamia, kupitia FAO, utafiti mkubwa wa Ziwa Tanganyika ulioanza mwaka 1992. Lakini dawa yake ya mito haitufai kama ilivyo. Mawe yetu yapo, ila yamefunikwa, na hakuna mashine ya kufagia sakafu ya ziwa. Tunachoweza ni kuzuia tope jipya, ili mawimbi yasafishe mawe ya kwenye rasi zilizo wazi. Ghuba zilizotulia zitasubiri zaidi.

Kazi hiyo Kigoma inaijua. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefika Gombe mwaka 1960, aliitazama hifadhi hiyo kutoka angani mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuona msitu umezungukwa na vilima vitupu. Mwaka 1994 taasisi yake ikaanzisha mradi wa TACARE katika vijiji jirani: vitalu vya miche, majiko banifu, mikopo kwa kina mama, na baadaye mipango ya matumizi bora ya ardhi na misitu ya vijiji. Kinachonipa matumaini kuliko vyote ni visiki. Vilipoachwa bila kuchomwa moto wala kulimwa, vingi vilichipua vyenyewe, kwa sababu mizizi ilikuwa bado hai.

Mto Malagarasi nao una la kutufundisha. Kabla ya kufika ziwani hupita kwenye kinamasi cha Malagarasi-Muyovozi, kilichoingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani mwaka 2000, ambako maji hupoteza kasi na tope likatua. Vijito vifupi vya Gombe na Mwamgongo havina kinamasi. Kinga yao ni majani na miti ya kingoni tu, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka mtoni na ziwani.

Tusidanganyane: dagaa na mgebuka huishi maji ya katikati, na kupungua kwao hakuelezwi na tope. Uvuvi umezidi, na ziwa linapata joto. Maji ya juu yakipata joto, hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba. Joto la dunia Kigoma haiwezi kulizuia peke yake. Tope, inaweza kulizuia.

Samaki wa ziwa hili wamekadiriwa kutoa asilimia 25 hadi 40 ya protini ya wanyama wanayokula watu wa nchi zinazolizunguka. Tena kijito chenye tope ndicho kinachochotewa maji ya kunywa. Tope huja na vijidudu vya kinyesi, na hupunguza nguvu ya klorini. Kwa hiyo maji yaachwe yatulie na yachujwe kwanza, ndipo yatiwe dawa au yachemshwe.

Serikali za vijiji zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Zipime mita 60 za kila kijito kabla ya Novemba, ziweke alama, na ziwatafutie wanaolima humo sehemu nyingine kwanza. Mkulima aliyeondolewa bila kupewa pa kulima atarudi msimu ujao.